Mkalimani wa Mifumo Miwili

Kazini walimwita Mkalimani, na jina lilimganda kiasi kwamba hata mlinzi wa getini aliliandika hivyohivyo kwenye daftari lake kila asubuhi. Lugha ya kigeni hakujua hata moja ya kujivunia. Alichokuwa akitafsiri ni maneno ya mifumo miwili ya kompyuta isiyosikilizana, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na miwili akiwa kwenye kiti kilekile chenye gurudumu moja bovu.

Kampuni yao ilikuwa na mkataba wa kutengeneza kompyuta, printa na simu za mezani za hospitali sita. Hospitali zilikuwa na mfumo wao wa kupokea malalamiko: muuguzi akiona printa imegoma, anaandika, na lalamiko linapewa namba na kuitwa tiketi. Kampuni nayo ilikuwa na mfumo wake wa kuwagawia mafundi kazi. Mifumo hiyo ilinunuliwa miaka tofauti kwa watu tofauti, na hakuna uliokuwa na habari kwamba mwenzake yupo. Zamani, kabla ya Mkalimani, wasichana wawili walikaa kutwa wakisomeana tiketi kwa simu, huyu anasoma upande wa hospitali, yule anaandika upande wa kampuni. Katikati walipiga soga, na ndiyo maana siku moja fundi alitumwa wodini akiwa na karatasi inayoeleza kwa kirefu harusi ya mtu.

Mkalimani ndiye aliyejenga daraja. Lilikuwa programu tu, lakini yeye aliliita daraja na wenzake wakamfuata. Kila baada ya dakika mbili lilichungulia pande zote mbili. Kilichozaliwa huku, lilikinakili kule. Kilichobadilika kule, lilikisawazisha huku. Kunakili hakukumpa shida. Kilichomkondesha ni maana. Hospitali wakiandika "imesimamishwa", je, kampuni wasome "inangoja kifaa" au "fundi hajafika"? Alikaa miezi na karatasi kubwa ya safu mbili, akiunganisha maneno kwa mistari, na tuseme ukweli, aliifurahia kazi hiyo kuliko mtu anavyoruhusiwa kufurahia kazi. Alipenda kila upande ubaki na maneno yake na uone mambo yake yako shwari.

Mtihani ulikuwa kwenye kisanduku cha uharaka. Wauguzi waliandika kila kitu "dharura". Kipanya cha kompyuta kikisuasua, dharura. Wino ukififia, dharura. Ukisoma tiketi zao za siku moja ungedhani majengo yote sita yanaungua. Wala si kwamba walikuwa waongo, ila walikwishajifunza kwamba ukiandika "kawaida" utamwona fundi wiki ijayo. Mafundi nao walichoka. Mkuu wa mafundi, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuitia watu mkutanoni, alimjia Mkalimani akamwambia kwamba dharura tisini kwa siku hawezi kuzihudumia, na kwamba afanye maarifa.

Maarifa yakafanywa. Mkalimani aliongeza mstari mmoja kwenye daraja: dharura yoyote ya hospitali, kama haitoki chumba cha upasuaji, maabara au kwa wagonjwa mahututi, ikivuka iingie kama kawaida. Upande wa hospitali neno lilibaki vilevile, jekundu, linawaka. Muuguzi aliona dharura yake ipo, fundi aliona kazi ya kawaida, na wote wakaenda nyumbani wameridhika. Mkuu wa mafundi alimpigia makofi kikaoni. Muuguzi mkuu wa hospitali ya kwanza alituma barua ya shukrani. Mkalimani akaibandika ukutani.

Kitu kimoja kilichomfanya alale usingizi ni kwamba daraja lilikuwa na kumbukumbu yake. Kila kilichopita kiliandikwa mara mbili, kama kilivyopokelewa na kama kilivyofikishwa, kwa saa na dakika. Mtu akija juu kwamba hakusema hivi wala vile, Mkalimani alifungua kumbukumbu na mabishano yakaishia hapo.

Nyumbani alikuwa daraja pia, ila la huko halikuwa na kumbukumbu.

Alikaa na mkewe na mama yake mzazi. Dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliishi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Mama na Dada walikuwa hawajasemeshana kwa miaka minane. Chanzo kilikuwa Baba. Tumbo lake lilipoharibika, daktari alishauri apasuliwe. Mama alikataa katakata. Dada akatia sahihi yeye, na Baba hakuamka. Palepale kwenye korido ya hospitali, mbele ya ndugu na wapita njia, Mama alimwambia binti yake: "Umemuua baba yako." Dada alizika, akafunga begi, akasema ataikanyaga nyumba ile siku Mama atakapoyameza maneno hayo. Na Mama si mtu wa kumeza maneno, alikuwa hodari wa kuyatema tu.

Kupigiana simu kusingewezekana hata wangetaka. Masikio ya Mama yalikuwa yamezeeka, uso kwa uso ukipaza sauti alikusikia, lakini kwenye simu aliambulia mlio wa nyuki. Kwa hiyo kila neno lilipitia kwa Mkalimani, na Mkalimani alikuwa na mkono mwepesi wa kupoza mambo.

Mama akisema, "Mwambie huyo alinyonya miaka miwili na nusu na bado hakushiba," yeye alimwambia Dada kwamba Mama anakukumbuka ulivyokuwa mdogo. Dada akisema, "Mwambie kila nikimkumbuka naona mdomo wake tu," yeye alimpazia Mama sauti kwamba Dada anakukumbuka sana. Hakutunga kitu kutoka hewani. Alitafuta ndani ya tusi lile neno moja linaloweza kuvuka, akalivusha hilo, mengine akayaacha ng'ambo. Aliamini kabisa kwamba anaijenga familia. Mkewe aliwahi kumwambia kwamba siku moja hawa watu watakutana na watajikuta hawajuani; yeye akacheka, akabadilisha mazungumzo.

Mara moja tu alivuka mpaka. Mwaka wa tano wa ugomvi, moyo ulimjaa akamwambia Dada kwamba Mama amekiri alikosea. Dada alicheka kicheko cha uchovu. Alimwambia mdogo wake kwamba mama yao hajakosea tangu azaliwe, na kwamba hayo ni maneno yake yeye. "Najua unanipenda," alisema, "lakini usinisemee Mama." Mkalimani aliona haya hadi masikio yakamwaka. Tangu siku hiyo neno "alikosea" akaliogopa.

Na kulikuwa na hili la Mama kufa. Mama alikuwa na kawaida ya kufa kila kipupwe. Kifua kikimbana kidogo alitangaza kwamba safari imewadia, akaagiza nani apewe vitenge na nani asiguse masufuria yake, na kesho yake asubuhi ungemkuta uani akimfokea muuza mboga. Mwaka wa pili wa ugomvi Mkalimani alishtuka kweli, akampigia Dada simu huku analia. Dada aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akafika stendi, begi mkononi, ndipo simu ya pili ikamkuta: Mama ameinuka, anaanika mikeka. Dada akageuza. Alisema tu kwamba watoto wa darasa lake wamekosa vipindi bure. Lakini Mkalimani alijua kilichomuuma ni kwamba alikuwa amekwisha kata shauri la kuja, na sasa lazima ajifanye hakuwahi kulikata. Toka hapo kila Mama alipokufa, yeye aliipunguza habari. Mama ana mafua. Mama kifua kinamsumbua kidogo.

Sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mkewe alikwisha toka kwenda kazini. Mkalimani alikuwa anafunga kamba za viatu Mama alipomwita kutoka chumbani, akamwambia aketi kitandani. Hakufoka. Hakutaja vitenge wala masufuria, na hilo peke yake lingetosha kumwamsha mtu aliye macho.

"Mwambie dada yako aje leo," alisema. "Mwambie nilikosea. Hakumuua baba yake. Mimi ndiye niliyeogopa, nikamtupia yeye. Asingoje shule zifungwe." Alipumzika, akavuta pumzi kwa shida. "Nakujua wewe, mwanangu. Hili mpelekee kama lilivyo. Usiniongezee wala usinipunguzie."

"Nimesikia, Mama," alijibu kwa sauti kubwa.

Njia nzima alikuwa akilipima lile neno kama anavyopima tiketi. Akisema "nilikosea", Dada atamwambia ameanza tena mambo yake. Akisema "aje leo", na kule ni wiki ya mitihani, Dada ataomba ruhusa, atafika stendi, na Mama atakuwa uani na muuza mboga. Kwa mara ya pili, Dada asingepokea tena simu. Alifikiria hayo yote kwa nia njema, tena kwa utaratibu, na hapo ndipo mtu unapotamani kumshika mabega umtikise.

Saa nne, wakati wa mapumziko ya shule, alipiga. Alimwambia Dada kwamba Mama anakusalimu sana, kifua kimembana tena kidogo, na shule zikifungwa, ukipata nafasi, ungepita umwone.

"Ni mbaya?" aliuliza Dada.

"Kawaida," alisema Mkalimani.

Dada akasema basi atakuja shule zikifungwa, na shule zilikuwa zinafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jioni Mama alimuuliza kama amefikisha. Akasema amefikisha. Mama akauliza Dada kasemaje, naye akapaza sauti: "Anakuja." Haukuwa uongo wa moja kwa moja. Mama alifumba macho, akaitikia kwa kichwa taratibu, na usoni pakatulia kwa namna ambayo Mkalimani hakuwa ameiona kwa miaka.

Ijumaa Mama aliomba kiti chake kihamishwe sebuleni, kitazame mlango. Mkewe Mkalimani alidhani anataka hewa, akamfungulia na dirisha. Alikaa hapo kutwa nzima, kitenge kipya begani, na kila hatua zikipita nje alinyanyua kidevu. Mkalimani aliporudi kutoka kazini alimkuta hivyo. Alikwenda uani, akashika simu. Angeanzaje? Angesema jana nilikupunguzia? Alisimama akitazama namba ya Dada hadi kioo kikazima chenyewe, akairudisha mfukoni, akajiambia kesho Jumamosi hakuna mitihani, atampigia kwa utulivu.

Jumamosi asubuhi Mama alirudi kwenye kiti. Aliuliza mabasi ya kutoka kule huingia saa ngapi. Mkalimani alimwambia siku hizi yanachelewa. Akaenda jikoni kummiminia chai, na aliporudi kikombe kikiwa mkononi Mama alikuwa ametangulia, kidevu kimeinuka kidogo, uso umeelekea mlangoni.

Dada alifika jioni, baada ya simu ambayo safari hii haikuweza kupozwa. Walizika Jumapili. Mkalimani alingoja apigwe maneno, alitamani apigwe. Dada hakumlaumu. Alimkumbatia mbele ya watu akasema, "Na wewe hukujua, mdogo wangu."

Siku ya tatu, wageni walipokwisha kupungua, walikaa wawili chumbani kwa Mama wakikunja nguo zake. Mkalimani alipiga moyo konde. Alimwambia yote: Alhamisi asubuhi, uje leo, nilikosea, mimi ndiye niliyeogopa. Alimwambia kwamba aliyasikia kwa masikio yake na akayageuza kuwa salamu.

Dada aliendelea kukunja kitenge, akalinganisha pembe na pembe. Kisha alimshika mkono.

"Asante," alisema. "Miaka yote umekuwa ukinibebea. Lakini usijitwishe kosa ili mimi nipate nafuu. Mama hakuwa anajua neno 'niliogopa'."

"Dada, alisema. Haki ya Mungu alisema."

"Umeniletea salamu zake miaka minane. Zote tamu, zote zako." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikuyumba. "Ungekuwa umeniletea hata tusi lake moja, leo ningekuamini."

Kesho yake Dada alipanda basi.

Mkalimani alirudi kazini Alhamisi. Mlinzi aliandika jina lake, akampa pole. Alikaa kwenye kiti chake kibovu, akafungua kumbukumbu ya daraja, na kwa mara ya kwanza akaisoma bila kutafuta kosa la mtu mwingine. Kushoto, kilichopokelewa: dharura, dharura, dharura. Kulia, kilichofikishwa: kawaida, kawaida, kawaida. Aliufuta ule mstari wake. Dakika mbili baadaye ubao wa mafundi uligeuka mwekundu juu hadi chini. Mkuu wa mafundi alikuja mbio akiuliza wauguzi wamepatwa na nini leo. Mkalimani alimjibu kwamba hawajapatwa na kitu, ndivyo walivyokuwa wakiandika siku zote. Mkuu alitaka kupaza sauti, akakumbuka msiba, akaondoka akiguna. Muda wa chakula cha mchana haujafika, meneja akaagiza mstari urudishwe. Aliurudisha.

Kisha alichukua karatasi kubwa, akachora safu mbili kama zamani. Kulia aliandika alichokuwa amemwambia Dada. Kushoto aliandika Mama alivyosema hasa, mwaka kwa mwaka, kadiri alivyokumbuka. Alikumbuka mengi kuliko alivyotarajia, kwa maana mtu anayepunguza maneno lazima kwanza ayasikie yote. Mtu mwenye kichwa kigumu kama kisigino. Hata paka wa jirani anaijua njia ya nyumba hii, yeye kaisahau. Mwambie picha yake nimeigeuza ukutani, na mwambie pia kwamba naipangusa vumbi. Lile la kunyonya miaka miwili na nusu. Aliandika hata yaliyomuuma kuyaandika, na mwisho wa safu akaweka Alhamisi, neno kwa neno. Alasiri aliipiga picha karatasi nzima kwa simu, akaituma bila salamu wala maelezo.

Alikuwa bado hajatoka ofisini simu ilipoita.

Kwanza alisikia Dada akicheka, au alidhani anacheka. "Miaka miwili na nusu," alisema Dada. "Hakuna mwingine duniani anayeweza kusema hivyo. Huyu ni Mama." Kisha kicheko kikakatika, na Mkalimani akajua macho yake yamefika mwisho wa safu. Alimsikia akisoma kwa kunong'ona, mara moja, halafu mara ya pili.

"Kwa hiyo alisema," alisema Dada.

"Alisema."

"Alikuwa ananingoja."

"Ndiyo. Alikaa mlangoni Ijumaa yote na Jumamosi asubuhi."

"Na mimi nilikuuliza kama ni mbaya."

"Uliniuliza," alisema Mkalimani. "Nikakwambia kawaida."

Alisikia pumzi yake upande wa pili, kengele ya shule, watoto wakipita. Maneno ya kupoza yalimjaa mdomoni, anayajua yote, yamempa riziki na barua ya shukrani ukutani. Hakusema hata moja. Alishika simu sikioni, akangoja apewe tusi lake, zima kama litakavyokuja.

Dada alikata simu.